Wageni wa posa na kahawa ya mizani

KIBARAZANI na Mwinyimvua Kidevu

Mtu akitoka Dar es Salaam kwenda Tanga kumsalimu mama yake, achukue sukari, achukue doti ya khanga, na kama mambo yamemnyookea achukue na hela ya kuziba paa. Asichukue kipimajoto cha kumfundishia mama huyo kupika kahawa. Nimelisema mapema ili wenye haraka waishie hapa. Msimamo wangu ndio huo na haubadiliki hata mkisoma mpaka chini.

Shemeji mnamjua. Kwa wasomaji wapya: ni kaka wa mke wangu, msomi, mwenye roho nzuri, na ndiye aliyetutengenezea tangi la maji kwa ustadi mkubwa mpaka leo tunachota kwa jirani. Tangu niandike habari za tangi lile nimepokea jumbe nyingi za kumtetea, karibu zote zikiwa na makosa yake yale yale ya tahajia.

Wiki hii alitukuta Ngamiani, kwa mama mkwe, siku ambayo wazee wa upande wa mume walikuja kutoka Pangani na barua ya posa ya binti yetu mmoja. Posa ina adabu zake. Wageni wanakaa mkekani, kofia zimenyooka, salamu zinazunguka mpaka zinaisha zenyewe, ndipo inapoingia kahawa na tende na kashata, halafu mshenga anakohoa na kuanza maneno yake. Bila kahawa mshenga hakohoi. Kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile alilijua hilo isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye alikuwa jikoni, kamwondoa mama yake kwenye kigoda.

"Leo pumzika, mama," alikuwa anamwambia. "Leo utakunywa kahawa laini. Hiyo yako unaichemsha mpaka unaiua."

Nikachungulia. Mezani palikuwa na mizani ndogo ya betri, kipimajoto, birika lenye mdomo mwembamba uliopinda kama shingo ya korongo, koni ya kauri na pakiti ya karatasi nyeupe za kuchujia. Dele la shaba la mama mkwe, ambalo limehudumia posa, ndoa, talaka na misiba ya mtaa mzima, lilikuwa limesukumwa chini karibu na ndoo ya maji machafu. Shemeji akapima unga: gramu 15. Akapima maji: nyuzi 93. Akamimina kidogo, akasimama, akaitazama kahawa ikivimba, akahesabu sekunde kwa sauti, akamimina tena huku mkono ukizunguka taratibu. Dakika nne zikapita, kikatoka kikombe kimoja.

Mimi si mhandisi, lakini kuzidisha nilifundishwa. Wageni tisa na wenyeji sita, dakika nne kila mmoja, ni saa nzima.

Sebuleni salamu ziliisha. Barabara ya Pangani ikajadiliwa, nayo ikaisha. Ikajadiliwa mvua, ikajadiliwa bei ya nazi. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono wa mtu ambaye masikio yake yameanza kumdanganya: "Au ndiyo wanatukataa kistaarabu?" Tulisikia wote. Mke wangu alinitazama kama kwamba Shemeji ni ndugu yangu mimi.

Kikombe cha kwanza kikapelekwa kwa mshenga. Akakiinamisha kidogo, akakiona kitako chake chote, akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyeagiza chai.

Hapo mama mkwe akanyanyuka. "Baba, kusanya vyombo vyako. Kuna watu wazima wanasubiri."

Na kwa kuwa Shemeji hakutazama alichokifanya mama yake, alikuwa anapanga karatasi zake kwenye pakiti, nimtazamie mimi. Buni alikuwa amezikaanga asubuhi ile ile kwenye kikaango cha chuma juu ya mkaa, mwiko hautulii hata kidogo. Zilipoiva rangi ya kahawia, kabla hazijaanza kutoa jasho la mafuta, alizimwaga kwenye ungo akazipepeta zipoe haraka na maganda yapeperuke. Ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua hata moto ukiwa umeuondoa, na ule uchungu wa masizi wanaoulalamikia watu huanzia hapo. Kwenye kinu hakuzitwanga mpaka zikawa vumbi. Alizibakiza na chembechembe, maana unga laini sana hutoa ukali wake wote kwa pupa, kisha hautaki kuzama.

Maji yalikuwa yameshachemka kwenye seredani. Akaliepua dele, akaacha mtokoto utulie, ndipo akatia kahawa kwa kiganja na kipande cha tangawizi iliyopondwa, akalirudisha motoni. Povu likapanda. Akaepua. Likashuka, akarudisha. Likapanda mara ya pili, akaepua, na safari hii hakurudisha tena. Akanyunyizia maji baridi ya mtungini, kidogo tu, yapata vijiko viwili, na povu lote likakatika, mashapo yakaanza kuteremka chini. Dele likawekwa pembeni juu ya majivu ya moto wakati vikombe vinapangwa. Kwenye mdomo wa dele alikuwa amechomeka kifundo cha nyuzi za kumbi la nazi, kile kinachobaki kikielea kinanaswa humo.

Niambieni ni wapi kahawa hiyo ilipochemshwa mpaka ikafa. Haikupewa nafasi ya kutokota hata mara moja. Nyuzi 93 za Shemeji zilikuwemo kwenye dele lile bila betri, kwenye mkono wa mama ambaye anajua povu likifika shingoni linasema nini.

Kuna na chumvi. Mama mkwe huibana kwa ncha za vidole viwili, akaidondosha ndani wakati anadhani hatumwoni, na hudai kwamba ndiyo inayomfanya mgeni asiombe sukari. Shemeji huicheka. Sasa acheke na Wahabeshi pia, ambao walikunywa kahawa kabla yetu sote na wapo wanaoitia chumvi mpaka leo. Halafu kwa wale ambao hawaamini kitu mpaka kiwe na muhuri, mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wawili wa Marekani, Paul Breslin na Gary Beauchamp, walioonesha kwamba chumvi huufifisha uchungu ulimini na kuziachia ladha nyingine nafasi. Mama mkwe hajawahi kulisoma jarida hilo. Nalo halijawahi kupita Ngamiani.

Lakini kilichonikereketa kuliko yote ni zile karatasi. Shemeji alizishika kama vile zimeshushwa kutoka maabara ya anga za juu. Zimetoka jikoni! Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoka na mashapo na uchungu wa kahawa ya asubuhi. Akachukua chombo cha jikoni, akakitoboa matundu, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la shule la mwanawe, akaitandika ndani na kuchujia kahawa yake. Mwaka huo huo akaiandikisha hataza, akafungua kampuni na mumewe, na jina lake lipo madukani mpaka leo. Kwa hiyo Shemeji alimkaidi mama yake mzazi, aliyekaa naye hatua mbili, ili amtii mama wa Wajerumani.

Huo ndio ugonjwa wetu. Ujanja wa jikoni kwa watu ukija na pakiti, tunauita sayansi. Wa kwetu ukikaa kwenye kigoda, tunauita ushamba. Kule Minnesota, Marekani, wazee wenye asili ya Skandinavia wanavunja yai zima wakalichanganya na unga wa kahawa kabla ya kuutia kwenye maji ya moto, na kahawa hiyo inanyweka makanisani kwao kwa madumu. Yai likiiva linashikamana na unga, linazama nao, na juu panabaki maji safi yasiyokwaruza koo. Nilimsimulia mama mkwe, akauliza kama andazi nalo linatumbukizwa humo humo au linangoja sahani. Lakini hakusema hawajui. Alisema, "Na wao wana bibi zao."

Najua chuki ya Shemeji ilikotoka. Ilitoka kituo cha mabasi. Alipokuwa mwanafunzi alikunywa kahawa ya dele lililotiwa moto tangu alasiri, likaongezewa maji magharibi, likaongezewa unga isha, na kila abiria akikohoa muuzaji anasema ndiyo tangawizi hiyo. Kahawa ya namna ile kweli inaua. Na nyumbani kwake Dar alizoea ya mkebe, ambayo unaikoroga, unaitia sukari vijiko vinne na kuiombea. Sasa amegundua kwamba kahawa inaweza kuwa laini, na badala ya kumfuata muuzaji wa kituo cha mabasi amemfuata mama yake.

Inauma zaidi kwa kuwa ni Tanga. Reli ya mji huu ilianza kujengwa mwaka 1893, ikapita chini ya milima ya Usambara ambako Wajerumani walikuwa wanahangaika na mashamba ya kahawa, ikafika Moshi kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Magunia ya Kilimanjaro yakashuka nayo mpaka bandarini, yakapanda meli kwenda kwa kina mama Bentz. Sisi tulioyaona yakipita mlangoni ndio leo tunafundishwa kuinywa na kijana mwenye ndevu kwenye video.

Haki yake nimpe, kwa mstari mmoja: karatasi hunasa mafuta ya kahawa yanayopandisha kolesteroli, ambayo dele huyaachia. Mwenye maradhi hayo achuje. Mshenga wa Pangani alikunywa vikombe vitatu mfululizo, akakohoa kikohozi kizuri sana, barua ikasomwa, na mahari ikaanza kubishaniwa kabla kashata hazijaisha.

Shemeji hakununa. Hanuni huyu, ndiyo shida yake. Kesho yake asubuhi alinivuta kando kunieleza kwamba ana wazo la mgahawa Masaki: dele ukutani kama pambo, seredani ya umeme, vijana wamevaa kanzu fupi na kofia, kikombe kimoja cha "kahawa ya bibi" shilingi 9,000, chumvi ya baharini unalipia mbali. Bibi mwenyewe atapigwa picha tu. Akaniomba nimwandikie neno zuri kwenye safu. Nadhani nimemtendea.

Nakumbuka na ndugu yetu wa Tabata, anayenihesabia koma kila wiki, maana najua kesho ataniandikia akitaka vipimo kamili: gramu ngapi za buni, chumvi kiasi gani, dele liepuliwe sekunde ya ngapi. Kipimo ni kiganja cha mama mkwe, ndugu yangu. Na kama huna mama mkwe, hilo si tatizo la kahawa.