Namba Iliyoandikwa juu ya Jiwe

Ukipita vichochoro vya Mwanga, hapa Kigoma, wakati wa jioni, utasikia grenda ya mkono ikikata nondo za dirisha katika ua wa mtu. Mafundi wa majahazi kule pwani walitoboa mbao kwa keekee iliyozungushwa kwa uta. Mkono ulipochoka, chombo nacho kilisimama. Grenda haichoki, na hilo ndilo linalotupasa kulifikiria.

Chukua grenda ndogo, ile ya jiwe la milimita 115. Nyingi huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Maana yake ni kwamba ukingo wa jiwe hukimbia karibu kilomita 240 kwa saa, sentimita chache kutoka vidoleni mwako! Juu ya jiwe huandikwa kasi ambayo halipaswi kuipita, nayo isiwe ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye mashine. Sasa mtazame bwana anayeng'oa kinga ili apachike jiwe la milimita 230, kwa kuwa dogo limekwisha na duka limefungwa. Jiwe hilo kubwa kwa kawaida hutengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Likipasuka, vipande havitamchagua yeye na kumwacha mtoto aliyeketi barazani akistarehe kwa kutazama cheche.

Wapo pia wanaofunga msumeno wa duara wa kupasulia mbao kwenye grenda. Meno yakinasa katika ubao, mashine humrukia aliyeishika. Mwandishi huyu haoni ubao wenye thamani ya kufanyiwa hivyo.

Tazama vilevile pete ya chuma iliyo katikati ya jiwe la kukatia. Mara nyingi imepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Gundi inayoshika chembe za jiwe hudhoofishwa na unyevu, nasi twaishi kando ya ziwa. Jiwe lililolowa au lenye ufa litupwe, hata kama liliuma mfuko.

Miwani ya jua si kinga. Na kipande cha chuma kikimwingia mtu jichoni, asilisugue, wala jirani asijaribu kukichokoa kwa njiti ya kiberiti au ncha ya kanga. Apelekwe Hospitali ya Maweni siku hiyohiyo, hata akisema maumivu yamepungua.