Toboa hiyo chupa uone

Kama una mdogo wako Sekondari Msingi, hii unaijua. Ameagizwa modeli ya mapafu, yeye amelala, na mama ndiye anakata chupa ya soda saa nne usiku. Kesho yake inapewa alama, inawekwa dirishani, basi.

Shida si mama. Shida ni kwamba hakuna anayeiuliza hiyo chupa swali.

Hebu itazame vizuri. Chupa ni kifua, baluni mbili za ndani ni mapafu, na ule mpira uliotandazwa chini ni kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukiuvuta mpira chini, nafasi ndani ya chupa inaongezeka, msukumo wa hewa humo unapungua, hewa ya nje inaingia na baluni zinavimba. Kumbe mapafu hayajivimbishi yenyewe!

Sasa uliza: inadanganya wapi? Kuta za chupa hazisogei, ilhali mbavu zako hupanda ukivuta pumzi. Halafu baluni zimezungukwa na nafasi kubwa. Mapafu yako yamebanana na ukuta wa kifua. Anayeweza kukueleza hayo ameelewa kuliko aliyekariri mchoro na mishale yake yote.

Kisha toboa ubavu wa chupa, tundu la kupitisha kalamu. Kabla ya kuvuta mpira, andika unachodhani kitatokea. Vuta. Baluni zimelala tu, kwa sababu hewa inaingilia tunduni. Ndiyo maana mtu aliyedungwa kisu kifuani anaweza kuishiwa pumzi ingawa pua na koo ziko wazi, na daktari hukimbilia kuziba lile jeraha na kuitoa hewa iliyonaswa.

Mtaala wetu unajigamba kwamba unafunza kufikiri kwa kina. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Sekondari Pevu Januari 2026, wengine wakichagua mkondo wa sayansi. Ati madarasa yamejaa? Sawa, lakini chupa moja mbele ya wanafunzi 60 yatosha, mradi kila mmoja aandike utabiri wake kwanza.

Kwa hivyo walimu, modeli itengenezwe darasani. Alama za rangi na urembo ziondolewe, zipewe yule atakayeonyesha mahali modeli yake inapokosea. Nawe ukiletewa chupa nyumbani leo, usishike makasi. Tafuta msumari.