Hiari Isiyo na Mwalimu

Mtaala wa Umilisi ulipofikia Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, lugha za kiasili ziliwekwa miongoni mwa masomo ya hiari. Tunashikilia kwamba hiari hiyo ilikuwa ya karatasi tu. Mwanafunzi wa Molo hakuchagua. Uhaba wa walimu na vitabu ndio uliomchagulia.

Wapo wanaodai kwamba Nakuru, yenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na wengineo, haifai kufundisha lugha hizo, kwani kufanya hivyo ni kuchochea ukabila. Hoja hii haina mashiko. Damu ya Molo ya mwaka 1992, na ya Nakuru ya Januari 2008, haikumwagwa na watoto waliosomeshwa ngano za jirani. Kinyume chake, somo la hiari lingempa mtoto wa Kikuyu nafasi ya kuchagua Kikalenjin, na mwenzake kuchagua Kigikuyu.

Hata hivyo, lawama si za Wizara pekee. Tangu Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipodai jijini Nairobi mwaka 1968 kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi, sisi wahakiki tumekusanya ngano vijijini, tukaziandikia tasnifu, kisha tukazifungia maktabani. Ni wangapi kati yetu waliozirudisha darasani kama kitabu cha kiada?

Idara ya fasihi isiyompelekea mwalimu wa Njoro kitabu haina haki ya kulia kwamba lugha zinakufa.