Kiwewe cha mfanyabiashara wa mpakani kisihesabiwe kuwa hatia

Mama mwenye ndoo ya nyanya kichwani anaposhindwa kumjibu ofisa wa forodha, jasho likimtoka na mikono ikitetemeka, si lazima awe ameficha kitu. Kati ya Gisenyi na Goma maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wengi wao wanawake, na wapo waliokimbia risasi zaidi ya mara moja. M23 waliitwaa Goma mwaka 2012, wakaitwaa tena Januari 2025. Katikati ya hayo, Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku na kuwakimbiza wakazi hadi Rwanda. Upande wa Uganda, Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari mjini Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40. Baada ya kila tukio, biashara ilirudi kabla ya usingizi.

Sayansi ya mfumo wa neva inaeleza kinachomtokea mama huyo. Hatari inapoonekana, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kabla mtu hajafikiri. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, pumzi hukatika. Mmoja atakimbia, mwingine atapigana, mwingine ataganda na sauti isitoke. Hiyo ni kinga ya mwili. Penye kiwewe, king'ora hakizimiki vizuri: miaka baadaye, sare ya askari, mlio wa lango la chuma au swali la ukali hukiwasha upya, na mwili hujibu kana kwamba risasi ni za leo. Wanyarwanda waliliita tatizo hilo ihahamuka baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, neno linalobeba picha ya mtu aliyeishiwa pumzi. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba linakaa mwilini.

Ndiyo maana mshauri nasaha anayeijua kazi hii haanzi kwa kumwambia mtu asimulie yote yaliyompata. Kwanza humweleza kwamba mwili wake haujaharibika wala hajawa kichaa. Humwacha achague pa kukaa, pengine karibu na mlango. Humfundisha kutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo kupitia neva ya vagasi. Simulizi huja baadaye, kwa hatua, na kwa ridhaa yake.

Hapa tahadhari inahitajika. Mazoezi ya kupumua peke yake hayaponyi kiwewe, na baadhi ya nadharia zinazouzwa kwenye semina, ikiwemo ile ya Stephen Porges kuhusu neva ya vagasi, bado zinabishaniwa na wanasayansi. Kilichopimwa ni tiba kamili. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari. Miezi kadhaa baada ya vikao vichache vya kupanga simulizi ya maisha, takribani 70% ya waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na kiwango cha dalili kinachohesabiwa kuwa ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, walikuwa 37%.

Kwa hiyo kisingizio kwamba hakuna madaktari wa akili wa kutosha hakisimami. Vyama vya wafanyabiashara wadogo vina wanawake wanaoaminika na wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda au Lukonzo. Hao ndio wa kufundishwa, chini ya usimamizi wa wataalamu. Mahali pa kuanzia pia papo. COMESA iliweka madawati ya taarifa za biashara katika mipaka kadhaa, ambapo mwenye mzigo mdogo husaidiwa kujaza fomu. Chumba chenye faragha kando ya dawati hilo kingetosha, ilimradi anayeingia asionekane na foleni nzima na maneno yake yasifike kwa forodha.

Upande mgumu zaidi ni wa maofisa wenyewe. Hakuna mshauri atakayetuliza neva za mtu ambaye kesho asubuhi atafokewa, atapapaswa au kudaiwa kitu kidogo kwenye lango lile lile. Hapo king'ora kinapiga kwa haki. Ofisa afundishwe kwamba kuganda si ushahidi wa magendo, aulize tena kwa sauti ya chini, na upekuzi wa mwanamke ufanywe na mwanamke.

Ugumu wa Goma unajulikana, na hautamalizwa na wizara za afya. Lakini Mpondwe na Kasindi ziko chini ya serikali mbili zinazozungumza, zote wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, waliovuka hapo waliwekewa maji ya kunawa na kupimwa joto. Fedha zilipatikana, wahudumu wakapatikana. Mawaziri wa afya na wa biashara wa Uganda na Kongo waanzie hapo, katika bajeti ijayo.