Hakuna Toyota Isiyotaka Oili

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Ruiru alituhimiza tuwe na imani ya Land Cruiser ya zamani: haiulizi servisi, haiulizi barabara, inaenda tu. Kanisa likalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga. Biblia ina mifano tele ya watu waliotunza walichokabidhiwa, na mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini hakusifiwa hata kidogo. Huo mfano wa Land Cruiser ni uongo, tena uongo unaokula pesa za sako, za parachichi na za pensheni za watu wa Thika na Ruiru.

Uongo wenyewe mmeusikia. Ingia bazaa lolote la magari kando ya bypass pale Kamakis, simama mbele ya Prado au Hilux dabokabini, uliza rekodi ya servisi. Muuzaji atacheka. "Hii ni Toyota, mzee. Haina mambo mingi. Hii unaweka dizeli tu."

Ina mambo mengi, tena kuliko hiyo Vitz mnayoidharau. Vitz ina oili ya injini na ya giaboksi. Land Cruiser ina oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa kesi, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Ina propela shafti mbili zenye viungo vinavyotaka kupigwa grisi. Ina filta ya hewa inayovuta vumbi lote la Gatuanyaga. Walioiunda waliyaandika haya yote kwenye kitabu cha gari, kila kimoja na kilomita zake. Gari la kazi ngumu hudai matunzo zaidi ya gari la mjini, na mtu anayekuambia kinyume chake anakuuzia kitu.

Sifa hii ya kutokufa ilitoka wapi? Ilijengwa na magari ya Umoja wa Mataifa, ya mbuga za wanyama, ya majeshi na ya kampuni za safari. Hayo yote yana gereji yake, stoo ya vipuri, na fundi anayeandika tarehe kila anapomwaga oili. Watu wa Thika ndio wangepaswa kulijua hili kabla ya wengine. Leyland Kenya ilianzishwa mjini humo mwaka 1974, kiwanda tunachokiita leo KVM, na Land Rover ziliunganishwa pale kwa mikono ya wazee wetu. Land Rover hizo zilidumu serikalini kwa sababu kulikuwa na yadi za Wizara ya Ujenzi na mafundi wa kuajiriwa waliozihudumia. Kazi ilikuwa ya fundi, sifa tukalipa chuma.

Shemeji yangu hulima parachichi Gatanga. Mwaka jana alichukua mkopo akanunua Hilux dabokabini ya dizeli, lita 3.0, injini ya 1KD. Matairi mapya, rangi inang'aa, injini imeoshwa hadi nambari zake zinasomeka. Kitabu cha servisi hakikuwapo. Aliambiwa kilipotea mwenye gari alipohama nyumba. Mavuno ya kwanza hayakuisha. Akiteremka kuelekea Blue Post na kreti zimejaa nyuma, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa, na kabla hajapata pa kusimama injini ikawa inagonga.

Fundi wa Makongeni alifungua sampu akatoa kile kichujio cha waya ambacho pampu ya oili hunyonyea. Matundu hayakuonekana. Masizi yalikuwa yameyaziba yote, na fundi alipoyakwaruza kwa bisibisi yakabanduka kwa mapande. Akamkabidhi shemeji akishike. "Mzee, hii ilikuwa inawekewa dizeli tu. Oili hakuna mtu alikumbuka." Beringi zilikuwa zimekwisha na krenki imechubuka. Mkopo bado analipa.

Hakuna fundi wa dizeli asiyeujua ugonjwa huo. Nozeli za injini zile hukalia washa za shaba. Washa zikichoka, gesi ya moto hupenya, masizi huingia kwenye oili, oili inakuwa nzito na kichujio kinaziba. Washa hizo zikibadilishwa mapema na oili ikamwagwa kwa wakati, injini huenda miaka. Zikiachwa, inakufa, na jina la Toyota lililoandikwa kwenye grili haliizuii kufa.

Wajuzi wa nyama choma huniambia 1KD ina kompyuta nyingi, niitazame 1HZ ya Land Cruiser pikapu: lita 4.2, silinda sita, bila turbo, hiyo ndiyo haifi. Nimeitazama. Ina mkanda wa taimingi wa mpira, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Tena Toyota wenyewe waliweka taa kwenye dashibodi za dizeli zao nyingi, imeandikwa T-BELT, ya kumkumbusha dereva kwamba kilomita za mkanda zimetimia. Nani huweka taa ya servisi kwenye gari lisilotaka servisi? Nimeuliza swali hili mara nyingi, na jibu ninalopata ni hadithi ya babu wa mtu na Peugeot 504 yake.

Na kuna wale wanaosema injini ikifa si neno, unashuka Kirinyaga Road Nairobi unanunua nyingine ya ex-Japan. Yaani umeuziwa injini usiyojua ilihudumiwaje, imekufa, na dawa yako ni kununua nyingine usiyojua ilihudumiwaje! Mtu mzima anasema hivyo na watu wanaitikia kwa kichwa.

Wengine hukimbilia magari ya mnada, ya serikali au ya mashirika, kwa kuwa kilomita ni chache. Pikapu iliyosimama kwenye kizuizi cha barabarani usiku kucha injini ikinguruma haisogezi kilomita hata moja, lakini oili yake inachoka vilevile. Kilomita hazikuambii hilo, hata zikiwa za kweli, na nyingi zimerudishwa nyuma. Wala sheria ya miaka minane haikusaidii. Inazuia gari kuukuu lisiingie nchini. Haiulizi oili ilimwagwa lini.

Labda nisishangae. Nchi yetu ndivyo ilivyo. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa kwa shangwe mwaka 2012, kisha vyuma vya kingo vikaanza kung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, nami bado napita Gatong'ora msimu wa mvua nikitafuta ardhi iliko chini ya maji. Wakubwa hukata utepe wa kitu kipya. Kukitunza hakumpi mtu kura. Ndiyo maana mahubiri kama yale yanapigiwa makofi.

Basi ukienda bazaa Jumamosi hii, nenda na fundi wako, si wao, na spana ya 24, inayoingia nati za difu za Toyota nyingi. Lala chini ya gari. Tazama nati ya difu ya nyuma: kama kutu na tope vimeifunika kote, haijaguswa kwa miaka. Mwambie fundi aifungue atie kidole. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia mtu akivuka kijito difu ikiwa na joto, na mwenye gari hakujali. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini, umulike ndani kwa tochi uone kama kuna masizi. Omba risiti, hata za gereji ya jua kali zinatosha, mradi zina tarehe na kilomita. Bila risiti, kata kwenye bei gharama ya mkanda, washa za nozeli, oili zote tano na radieta, papo hapo, kabla ya kutaja logibuku. Akikataa nati isifunguliwe, rudisha pesa mfukoni uende bazaa linalofuata. Yamejaa bypass nzima.