Maegesho: Karibu na mlango si lazima iwe nafuu

Siku za mwisho wa juma, viwanja vya mbele ya maduka ya jumla Mikumi hujaa mapema. Mfanyabiashara wa Kisanga anayekwenda huko kununua sukari, unga na sabuni hukabiliwa na uamuzi kabla hajauliza bei: aegeshe mbali aingie, au azunguke akisubiri nafasi ya mlangoni?

Wengi huchagua mlangoni. Hesabu haiwaungi mkono.

Ichukuliwe kwamba lori limekodiwa kwa Sh 150,000 kwa siku ya saa 10, yaani Sh 15,000 kwa saa. Mnunuzi ana mifuko 20. Akiegesha mbali, mwenye mkokoteni ataongeza Sh 300 kwa kila mfuko, jumla Sh 6,000. Akisubiri saa moja na nusu ili apate nafasi ya mlangoni, muda huo unamgharimu Sh 22,500. Ameokoa Sh 6,000 kwa kutoa Sh 22,500, na dereva hajala.

Kwa viwango hivyo, kusubiri kunaanza kulipa pale tu mzigo unapozidi mifuko 75. Kwa maneno mengine, nafasi ya mlangoni ni ya mwenye mzigo mkubwa. Mwenye mzigo mdogo anayeing'ang'ania anajiumiza mwenyewe na kumchelewesha mwenzake.

Wataalamu wawili wa fizikia nchini Marekani, Paul Krapivsky na Sidney Redner, walilipima jambo hili kwa hesabu mwaka 2019. Walilinganisha madereva wa aina tatu: mwoga anayeegesha nyuma ya gari la mwisho, mwenye matumaini anayekwenda hadi mlangoni kisha kurudi nyuma akitafuta, na mwangalifu anayepita gari la mwisho na kuingia katika pengo la kwanza analolikuta. Muda wa kuendesha na wa kutembea ulipojumlishwa, mwangalifu alishinda, mwenye matumaini akamfuata kwa karibu, mwoga akawa wa mwisho.

Hata hivyo, lawama zisimwangukie dereva peke yake. Baadhi ya wenye maduka huegesha magari yao mlangoni tangu asubuhi hadi jioni. Nafasi hiyo ingeweza kuhudumia wateja kadhaa kwa siku. Marehemu Donald Shoup, aliyechapisha kitabu maarufu kuhusu gharama za maegesho ya bure mwaka 2005, alishauri kwamba daima nafasi moja au mbili ziachwe wazi. Mwenye duka anayetaka mauzo ahamishie gari lake uani, na nafasi za mbele azitenge kwa kupakia tu, kwa muda maalumu.

Aidha, wawekezaji wadogo wanaotafuta viwanja kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa, inayopita Mikumi, wanapaswa kuwa macho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Uwanja mpana unaomvutia mnunuzi unaweza kuwa ndani ya hifadhi hiyo. Mwenye duka huutumia leo, lakini si mali yake, na barabara ikihitaji kupanuliwa maegesho yataondoka kwanza, wateja wa malori yatafuata. Bei ya kiwanja ipigwe kwa kile kinachobaki baada ya mita 30, na futi kamba itangulie kabla ya fedha.

Kwa mnunuzi wa Kisanga, ushauri ni mfupi: ahesabu mifuko yake kabla ya kuwasha gari, aingie katika pengo la kwanza, na aegeshe kichwa kikielekea barabarani ili asizibwe njia wakati wa kutoka. Faida ya mfuko wa sukari ni ndogo mno kuliwa na lori lililosimama.