Photoshop si ya kadi za biashara

Jamani, niseme tena: Photoshop haikuundwa kwa ajili ya kadi za biashara. Ni programu ya kurekebisha picha. Lakini uliza hapa Kimuka, nenda Ngong, teremka mpaka River Road: ukiagiza kadi, fundi wa dizaini anafungua Photoshop, mara nyingi ya wizi.

Tupige hesabu. Kadi ya milimita 85 kwa 55, kwa nukta 300 kila inchi, ni pikseli 1004 kwa 650. Kwa kadi inatosha. Mwezi ujao mwenye agrovet anataka bango la mita 3 kutokana na mchoro ule ule. Ukiukuza mara 35 unabaki na nukta 8 hivi kwa inchi. Hayo ni matofali! Mchoro wa vekta, ambao kompyuta huukokotoa upya kwa kila ukubwa, hauna shida hiyo.

Kwa hiyo chaguo langu ni hili:

1. Inkscape kwa nembo. Ilitokana na Sodipodi mwaka 2003, ni programu huria, na faili yake ni SVG, kiwango cha W3C tangu 2001.
2. Scribus kwa kupanga kadi, letahedi, brosha na vitabu vya risiti. Inajua rangi za CMYK na inakuwekea zile milimita 3 za pembeni zinazokatwa.
3. GIMP kwa picha. Picha tu.

"Lakini mchapaji anataka faili ya CorelDRAW!" Anaitaka kwa mazoea. PDF iliyotolewa vizuri, fonti zikiwa ndani, inamtosha. Nakubali Inkscape ni dhaifu kwa CMYK; ndiyo maana kazi inamalizikia kwenye Scribus. Na kama umelipia CorelDRAW au Illustrator, endelea, sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni na nakala za wizi zinazotembea na virusi kwenye flashi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta pia, msijifanye hamjui.

Canva je? Ilianza 2013, ni rahisi, na kwa tangazo la harambee la kutuma WhatsApp inafaa sana. Lakini nembo uliyoitoa kwenye templeti yao, jirani yako anaweza kuitoa vilevile, na masharti yao hayakuruhusu kuisajili kuwa alama yako ya biashara.

Sasa jambo linaloniudhi zaidi: faili ni ya nani? Mama mwenye hardware akibadilisha namba ya till, inabidi arudi kwa fundi kubembeleza, kwa sababu alipewa JPEG peke yake. Analipishwa upya kazi aliyokwisha kuilipia. Kubadilisha tarakimu chache ni kazi ya dakika mbili kwa mtu yeyote mwenye faili ya SVG na laptop ya zamani.

Basi wenye maduka, siku ya kulipa daini vitu 3: SVG, PDF na majina ya fonti. Fundi akikataa, tafuteni mwingine.

Nanyi mafundi mnaoficha faili ili mteja arudi: fanyeni kazi nzuri, atarudi mwenyewe.